Mkwe Hapishwi Juu ya Maji

Tangu nirudi, meza yangu ya mchele pale sokoni Ngokolo, Shinyanga, imegeuka kijiwe. Mtu anakuja kuchukua kilo moja, anasimama saa nzima. "Ehe, Mama Kabula, hebu tuambie, ni kweli wanalala juu ya maji?" Mama Rehema wa meza ya jirani nimemsimulia mara nne, na kila mara akimpelekea mwenzake hadithi inarudi kwangu siitambui. Juzi nimesikia kwamba nilizama nikatolewa kwenye kinywa cha mamba. Sasa naandika. Someni, mniache nipepete mchele.

Mimi mnanijua. Mtu wa nyumbani kabisa. Nikienda stendi na kurudi, hiyo kwangu ni safari, naoga na kupumzika. Nikilala siku mbili kwa mama yangu Tinde, naota godoro langu. Kidato cha nne nilimaliza, jiografia nilipata alama nzuri, na nikaona inatosha: dunia nimeshaisoma, kuna haja gani ya kuikanyaga?

Kilichonitoa ni binti yangu Kabula. Mnakumbuka aliolewa na Komlani, yule fundi kutoka Benin aliyekuja Rwamgasa kutengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Walipohamia kwao, walikwenda Ganvie, kijiji kizima kimejengwa juu ya nguzo katikati ya ziwa. Mwaka jana mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi saba. Alinipigia analia, mimi nimekaa na ungo mapajani. Nikalia naye mpaka salio lilipokatika, kisha nikabaki nautazama ule ungo. Safari hii alipofika miezi minane akaniambia, "Mama, usinipigie. Uje."

Nikasema naja. Ndege sikuiogopa kama nilivyoogopa jambo moja tu: kufika nimechelewa.

Habari za pasipoti na tiketi siziandiki. Kabula na mumewe walizishughulikia. Kazi yangu ilikuwa kupigwa picha, na nilitoka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Tinde: michembe na onyo

Nilianza kwa kumuaga mama yangu. Nilimkuta uani anaanua michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokatwa na kukaushwa. Alinijazia mfuko mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba ng'wanone, mwanangu. Huko mtoto anakula nini?"

"Samaki, nasikia."

"Samaki tu? Basi beba na hivi vya kugawia majirani."

Kisha akaacha kuanua, akanitazama. "Utalala wapi?"

"Kwa Kabula."

"Kwa Kabula ni kwa nani?"

Nikaelewa: ni kwa mkwe. Nyie mnajua mila za wazee wetu. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani. Hawaangaliani usoni, hawali chombo kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mkikutana njiani, mmoja anapinda kumpisha mwenzake. Ndiyo heshima yenyewe. Komlani alipokuwa Rwamgasa ilikuwa rahisi: yeye kule, mimi Ngokolo, salamu zinapita kwa Kabula. Siku ya harusi nilimwona kisogo tu.

"Usiniletee aibu," mama akasema. "Mpishe. Hata kama ni nyumba ndogo, mpishe."

"Nitampisha, mama."

Niliahidi kirahisi hivyo. Jiografia yote ile, na sikujiuliza mtu anampishaje mwenzake pasipo na ardhi.

Rwamgasa: zigo la Masanja

Kutoka Tinde ningeweza kurudi Shinyanga mjini nikapanda basi la Mwanza kama watu wenye akili. Lakini Komlani alikuwa na rafiki Rwamgasa, Masanja, waliyefanya naye kazi kwenye karasha, na Masanja alikuwa na zawadi. Nikapitia Kahama na Geita, basi likaharibika mara mbili. Mara ya pili tulikaa chini ya jua muda mrefu hata abiria wakaanza kutafutana undugu.

Zawadi yenyewe ilikuwa golori la chuma, yale matufe yanayozunguka ndani ya karasha na kuponda mawe. Saizi ya chungwa, uzito wa jiwe la kusagia. Lilikuwa limelika mpaka linang'aa.

"Mama, hili ndilo la kwanza tulilosagia mimi na yeye," Masanja akasema. "Tukapata dhahabu ya kununua sabuni tu. Mpe mkononi, mwambie duara letu bado liko wazi." Duara ni lile shimo wanalochimba.

Mpe mkononi! Nikaitikia kwa kichwa, nikalifunga kwenye kanga katikati ya michembe.

Busisi nilivuka kwa daraja jipya. Zamani nilikataa njia hiyo kwa sababu ya kivuko, nikisema siku wakijenga daraja nitapita. Wamejenga. Nilivuka nimefumba macho. Dada niliyekaa naye akaniuliza, "Mama, unasali?" Nikamwambia naam, na kweli nilikuwa nimeanza.

Ndege tatu na mwanamke wa vitenge

Mwanza uwanjani, kijana wa ukaguzi aliniita pembeni. Mashine ilikuwa imeona tufe la chuma limezungukwa na vitu vilivyojikunja.

"Mama, hiki nini?"

"Golori."

"La nini?"

"La mkwe."

Akalitazama, akanitazama. "Amekukosea nini?"

Watu wote kwenye foleni wakacheka. Golori likahamia begi la kwenda tumboni mwa ndege. Michembe hakuuliza, ni mtu wa kwetu. Alichukua miwili akatafuna.

Dar sikuiona, nilipita tu. Addis Ababa ndiko nilikokwama. Ndege ya Kotonu, kule Benin, iliahirishwa, kisha ikaahirishwa tena, na kila walipotangaza niliwaza Kabula ameshikwa na uchungu. Kiingereza changu cha shule kilikataa kutoka. Nilibaki na "water" na "sit down".

Pembeni yangu alikuwa amekaa mwanamke mnene wa huko Afrika Magharibi, mfanyabiashara, mizigo yake vitenge vitupu. Alinikatia mkate wake nusu, akaniuliza kitu kwa Kifaransa. Nikataka kumweleza kwamba mwanangu ni mjamzito, anakaa majini, nina haraka. Nikashika tumbo, nikalizungushia mkono, nikafanya ishara ya maji mengi, nikatikisa kidole kwa haraka. Uso ukamjaa huruma. Akanikamata mkono, akanikimbiza mpaka chooni, akasimama mlangoni kunilinda.

Nikaingia. Ningefanyaje? Nilipotoka alinipa kidonge cheupe, akanisimamia mpaka nikameza. Sijui kilikuwa cha nini, ila mpaka leo sijasumbuliwa na tumbo. Tulikaa pale kwa saa kumi na moja nzima. Kwenye ndege alinibadilishia kiti ili nikae karibu na njia, karibu na choo. Mungu amzidishie.

Kotonu askari wa forodha aliifungua michembe, akainusa, akamwita mwenzake, naye akamwita mwenzake. Nikaona isiwe taabu, nikatia mmoja mdomoni nikatafuna mbele yao. Wa kwanza akajaribu. Akajaribu tena. Nilipoondoka pale mfuko ulikuwa umepungua kwa kiganja kizima, lakini nilipigiwa saluti.

Kalavi: nilimkataa mkwe gatini

Komlani alikuja kunipokea. "Shikamoo mama!" akasema kwa sauti ya Rwamgasa kabisa, ile ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Nikaitikia marahaba nikitazama viatu vyake. Kwenye teksi nilikaa nyuma, uso dirishani. Akaniuliza safari, nikakijibu kioo. Habari niliyoitaka nilimuuliza dereva, ambaye hakujua Kiswahili.

"Kabula hajambo, mama," Komlani akajibu yeye. "Bado."

Bado! Nilihema kwa mara ya kwanza tangu Mwanza.

Tukafika gati la Kalavi, ukingoni mwa ziwa. Chombo chake kilikuwa mtumbwi mwembamba, upana wa kiti kimoja. Akashuka, akaushika, akaninyooshea mkono.

Niliutazama ule mkono. Nikakunja mikono yangu kifuani.

"Unaogopa maji, mama?"

"Naogopa," nikasema. Haikuwa uongo, ila haikuwa yote. Nilimwambia nitasubiri chombo kingine. Akasimama na mkono wake hewani, kisha akaurudisha taratibu, kama mtu aliyekosea mlango.

Nilikaa juani kwa saa tatu, nimejifunika kanga, mpaka mama yake aliporudi kutoka sokoni na mtumbwi mkubwa. Mwanamke mwembamba mwenye kofia pana ya majani kama ungo. Tulikumbatiana, hakuna lugha, kisha akasema, "Wabeja!" Kabula alikuwa amemfundisha kushukuru kwa Kisukuma. Nikalia pale pale. Yeye akacheka, akanikalisha katikati, akachukua kafi. Nilishikilia kingo zote mbili njia nzima, na kila mtumbwi tuliopishana nao aliwaonyesha akina mama wenzake vidole vyangu.

Na Komlani alikuja nyuma yetu peke yake, mtumbwi mtupu.

Ganvie: nyumba isiyo na uani

Jamani, kule kila kitu ni maji. Nyumba zimesimama kwenye miguu ya miti kama korongo. Dukani unakwenda kwa mtumbwi, kanisani kwa mtumbwi, umbea kwa mtumbwi. Jirani akitaka chumvi anapiga kafi mara nne. Lakini maji ya kunywa wanayafuata kwa madumu ya njano na kupanga foleni! Hapo nikajisikia Ngokolo kabisa.

Kabula alikuwa mlangoni juu ya ngazi, tumbo limemtangulia. Alinishika asiniachie.

"Umekuja kweli, mama."

"Nimekuja. Nipe kitu cha kushika, sakafu hii inacheza."

Nyumba ilikuwa chumba kimoja kimegawanywa kwa mkeka, na mlango mmoja. Nikafunga kanga yangu kwenye kona, nikakaa nyuma yake kama mwali. Chakula kilikuwa samaki wa kukaanga, pilipili ya kutoa roho, na akasa, unga wa mahindi uliochachushwa na kufungwa kwenye majani. Ni kama ugali ulioamka vibaya, lakini siku ya tatu niliomba nyongeza. Nilikula nikiutazama ukuta.

Likabaki golori. Masanja alisema mkononi, mama yangu alisema hapana. Nikafikiri sana, na fikra zangu zikazaa hili: nitalibingirisha. Komlani alikuwa amekaa upande wa pili akishona wavu. Nikanyoosha mkono chini ya kanga, nikasema, "Salamu za Masanja," nikalisukuma.

Sakafu ya mbao ile ina mteremko wake. Golori likashika mwendo, likampita Komlani gotini, likaingia kwenye upenyo karibu na mlango. Tukasikia *chubwi*.

Hata bata wa jirani walinyamaza.

Komlani alisimama, akashuka ngazi bila neno. Nilimsikia akijitosa. Ziwa lile si la kina, maji yalimfika kifuani, lakini tope ni zito. Alitafuta kwa miguu, akazama, akaibuka, akazama tena. Alilipata. Akaliweka kwenye kizingiti likiwa na tope lake, akaingia kwenye mtumbwi, akaenda zake.

Kabula akanigeukia machozi yakimtoka. "Mama, umemkataa mkono gatini, humwangalii, sasa zawadi ya rafiki yake unamtupia ziwani. Ameniuliza jana kama ni kwa sababu yeye ni mgeni. Ameniuliza kama unaona yeye ndiye aliyemuua yule wa kwanza."

Nilihisi ile sakafu imetoka chini yangu. "Hukumwambia mila yetu?"

"Rwamgasa nani ana habari za mila, mama? Pale watu wametoka kila mkoa, mama mkwe anauza uji kwa mkwe wake."

"Basi mwambie leo. Mwambie ni heshima. Mwambie ningekuwa namdharau ningemwangalia mpaka macho yamtoke."

Jioni alimwambia. Nikiwa nyuma ya kanga nilimsikia Komlani akicheka kicheko kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo. Naye akaniletea yake, akipitisha kwa Kabula. Wazee wao, alisema, walikimbilia ziwani kuwakwepa watu waliokuwa wakiwinda wenzao na kuwauza. Wawindaji wale walikuwa na mwiko wa kuingia majini. Ndiyo maana kijiji kipo.

"Kwa hiyo mwiko wa adui ndio uliotuzaa," Komlani akasema kwa sauti, ili nisikie. "Mimi siwezi kucheka mwiko wa mtu, mama."

Nikaona mkwe ninaye.

Tatizo ni kwamba sasa alianza kunipisha na yeye, tena kwa bidii ya mwanafunzi mpya. Nikiingia, anatoka. Na kutoka kwenyewe ni wapi? Ni kwenye mtumbwi. Siku mbili nzima mwenye nyumba alikaa chini ya sakafu yake, kofia usoni, akila samaki peke yake kama askari wa zamu. Nikitaka kushuka ngazi nakohoa, naye anapiga kafi kuzunguka nguzo. Tulizunguka nyumba ile, yeye majini mimi juu, mpaka majirani wakasogeza mitumbwi kuja kutazama. Mama Komlani alicheka hadi akakaa chini.

Kutoka nyumbani hadi zahanati: safari ndefu kuliko zote

Asubuhi ya siku ya tano, Mama Komlani alikwenda sokoni na mtumbwi mkubwa. Kabula alikuwa anasonga akasa. Mwiko ukamponyoka.

"Mama."

Nikatazama chini, maji yalikuwa yamemwagika miguuni pake. Wiki tatu kabla ya wakati.

Komlani alipanda ngazi mara moja, akamshusha mkewe polepole mpaka kwenye ule mtumbwi mwembamba, akamlaza kwenye wavu. Zahanati iko ng'ambo, mwendo wa kusukuma. Kabula alifumbua macho akanitafuta. "Mama, usiniache."

Nikashuka ngazi mpaka daraja la mwisho. Mtumbwi unacheza, unasogea, unarudi. Komlani amesimama na upondo mkono mmoja. Akaninyooshea mwingine, lakini uso wake ameugeuzia pembeni kabisa, anatazama nyumba ya jirani. Hata wakati ule, mtoto wa watu, alinitunzia heshima yangu.

Mwaka jana mikono yangu ilikuwa na ungo.

Niliukamata ule mkono. Mkavu, mgumu, mkono wa karasha. Akanivuta mara moja nikawa ndani, nyuma ya Kabula, kichwa chake mapajani pangu. Mtumbwi ukayumba, na mimi kwa mkono uliobaki nikakamata kitu cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa mguu wa mkwe wangu.

"Mama," akasema baada ya kidogo, "niachie mguu, nashindwa kusukuma."

"Siachii!"

"Tutazunguka palepale, mama."

"Shika huo mti wako usukume! Siachii!"

Kabula, katikati ya uchungu, alianza kucheka. Anacheka, anapiga kelele, anacheka. Tulipita katikati ya soko la majini hivyo hivyo: fundi amesimama anasukuma, mama mkwe amemkumbatia mguu, mjamzito anacheka na kulia. Akina mama wenye kofia walitupisha, mmoja wao akaufunga mtumbwi wake kwa wetu na kutuvuta. Kabula alinyamaza ghafla, akanibana vidole. "Mama, yule wa kwanza alitoka hapahapa njiani."

"Huyu hatoki hapa," nikasema. "Huyu anatusubiri tufike." Sikujua kama ni kweli. Nilisema tu, na nikaendelea kusema.

Tulifika. Wakamwingiza, tukabaki nje kwenye ubao, mimi na Komlani, hatuna pa kupishana wala nia. Kabla jua halijafika utosini tukasikia mlio mwembamba wenye hasira, kama paka aliyekanyagwa. Muuguzi akatoka na kusema kitu kwa Kifaransa. Komlani akakaa chini kwa kishindo.

"Anasema nini? We, anasema nini?"

"Msichana, mama. Wote wazima."

Nilitoa kicheko ambacho sikukijua. Kisha nikakaa naye chini, bega kwa bega. Tulibaki hivyo tunatazama maji, na maji kwa mara ya kwanza yalinipendeza.

Kurudi: faini

Nilikaa mwezi mmoja. Njia ya kurudi haina hadithi: ndege zilifika kwa wakati, hakuna aliyenipeleka chooni. Nilipitia Tinde kwanza, maana dhambi ilikuwa inaniwasha. Nikamwonyesha mama yangu picha ya kitukuu wake, kisha nikamweleza yote, hadi mguu.

Alisikiliza akimenya viazi.

"Ulimshika mguu wote?"

"Wote, mama."

"Ni mnene?"

"Mnene wa kutosha."

"Hakukuangusha?"

"Hakuniangusha."

Akaendelea kumenya. "Faini ni mbuzi," akasema. "Ulete Jumamosi. Tena awe na nyama, nina wageni."

Mbuzi tumemla, na miezi imepita. Sasa kila Jumapili Kabula ananipigia simu ya picha, nami naiegemeza kwenye chupa ya chai. Mama Rehema anasogea, ananisukuma, "Hebu tumwone huyo mkwe!" Hamtamwona. Anaposhika simu yeye, anageuka pembeni, linabaki sikio. Nami nageukia magunia ya mchele. "Shikamoo mama," sikio linasema. "Marahaba, mwanangu," naliambia gunia. Na katikati ya kioo anabaki mjukuu wangu peke yake, ameketi sakafuni, anajaribu kula golori.